Uchaguzi wa Majike wa Kwera

Palikuwa na nchi, na bado ipo kama haijabadilishwa jina tangu jana, ambayo watu wake walijaliwa amani nyingi hata ikabidi ilindwe na askari kila kona isije ikamwagika. Nchi hiyo iliongozwa na Mlezi Mkuu. Alishinda kila uchaguzi kwa kuwa alikuwa mgombea peke yake, na aligombea peke yake kwa unyenyekevu, maana hakupenda kuwasumbua wengine. Alivaa joho jekundu lenye mkia. Kila siku yake ya kuzaliwa mkia huo uliongezwa kitambaa, na wakati wa mambo haya ulikuwa umefikia urefu wa kubebwa na wabunge. Watu waligombea ubunge kwa ajili hiyo tu. Mawaziri walikuwa na mikia mifupi kuliko huo, wakuu wa mikoa mifupi zaidi, na walimu wa shule za msingi waliruhusiwa shati.

Humo aliishi Dakta Zawena Mkalawile, mtaalamu wa ndege, mtu asiyejua kukaa kitini. Akizungumza alitembea, akila alisimama, na wanafunzi wake walizoea kumgeuzia shingo huku na huku kama watu wanaotazama mpira. Hakuwa na neno na serikali. Alichokuwa nacho ni swali, tena la ndege.

Ndege mwenyewe ni kwera, ndege wa taifa. Dume ni mweusi, ana bega jekundu kama kaa la moto, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili wote. Akiruka unamning'inia kama kamba iliyosahauliwa. Jike ni kahawia yenye michirizi, rangi ya majani makavu. Akitua kwenye nyasi humwoni tena. Zawena alitaka kujua dume ana mkia ule wa nini. Haumsaidii kula, haumsaidii kukimbia adui, na siku ya upepo unamzungusha kama tiara.

Basi msimu mmoja wa mvua akapanda nyanda za juu mpaka Bonde la Mfune. Akawanasa madume, akawakata baadhi mikia kwa mkasi, na vile vipande akawabandika wenzao kwa gundi, wakawa na mikia ambayo Mungu hakuwapa. Akawaachia. Kisha akawa anatembeatembea nyuma ya kichaka na darubini shingoni, akingoja kuona majike watajenga viota kwenye eneo la nani.

Walijenga kwa wenye mikia mirefu. Mkia wa kuzaliwa nao au wa gundi, hawakuuliza. Waliokatwa mikia waliruka weee, wakajionyesha mpaka wakachoka, na hakuna aliyewatazama.

Zawena akaandika alichokiona: mkia upo kwa sababu majike wanaupenda, na wameupenda tangu enzi za mabibi zao. Wenye mikia mirefu wakapata watoto, wenye mifupi wakabaki wajomba.

Wa kwanza kumpinga alikuwa mwalimu wake, Profesa Kibwana Mgoli, mzee mkavu mwenye masharubu meupe, ambaye ndiye aliyemfundisha kushika darubini. Profesa aliamini kwamba rangi za wanyama zote ni suala la kuliwa na kutoliwa. Kila Jumamosi Zawena alikwenda barazani kwake, wakanywa kahawa na kubishana.

"Jike ni kahawia kwa sababu anaatamia," Profesa alikuwa akisema. "Angekuwa mwekundu angeshaliwa, yeye na mayai yake. Siri ni hiyo. Mapenzi hayamo."

"Na dume, Mwalimu? Yeye haliwi?"

"Dume ana nguvu za ziada. Zinamtoka kwa rangi, kama jasho."

"Jasho la urefu wa mkono?"

"Usinichekeshe, nitamwaga kahawa."

Walikuwa wamebishana hivyo miaka mingi, na walipendana kama wanavyopendana watu ambao kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake amekosea. Profesa ndiye aliyemshauri atoe mhadhara chuoni ili aje ampinge mbele za watu. Zawena akakubali. Chuo kikabandika tangazo ukutani, karibu na geti kuu, kwa herufi kubwa: UCHAGUZI WA JIKE. NANI HUAMUA MKIA?

Mhadhara haukufanyika. Kabla gundi ya tangazo haijakauka, Zawena aliitwa kwenye Tume ya Uchaguzi.

*

Mwenyekiti wa Tume, Mheshimiwa Ngwandu, alikuwa mtu mpole mwenye joho la kufika visiginoni. Alimkaribisha kiti, akamkaribisha chai, akamsikitikia kwa hali ya hewa.

"Dakta," akasema, "tumesikia umeendesha uchaguzi."

"Ni wa ndege, Mheshimiwa."

"Ndege wa taifa."

"Ndiyo."

"Wapigakura waliandikishwa na nani?"

"Hawakuandikishwa. Majike walikuja wenyewe."

"Walikuja wenyewe," Mwenyekiti akarudia, kwa sauti ya tabibu anayesikiliza kifua kibovu. "Na matokeo uliyajua lini?"

"Baada ya kuchagua."

Hapo Mwenyekiti akavua miwani. "Baada. Dakta, miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki sijapata kusikia utaratibu wa namna hiyo. Matokeo yakijulikana baada, watu watalala usingizi?"

Zawena alikuwa ameshasimama na kuanza kutembea toka dirishani hadi kabatini.

"Kaa, Dakta."

"Nikikaa sifikiri vizuri."

"Ndiyo sababu tunakuomba ukae."

Akakaa. Mwenyekiti akamsogelea kwa upole zaidi. Alieleza kwamba serikali haina ugomvi na sayansi hata kidogo; ugomvi wake ni na neno moja. Lugha ya taifa ina neno jingine zuri zaidi, nalo ni uteuzi. Uteuzi una adabu. Unatoka juu unashuka chini, kama mvua. Dakta aandike uteuzi, na kila mtu atarudi kwenye kazi yake.

"Nikiandika uteuzi wataniuliza nani kateua," Zawena akasema.

"Mamlaka ya uteuzi."

"Kwa kwera, Mheshimiwa, mamlaka ya uteuzi ni jike."

Mwenyekiti akatazama mlango kama umefungwa vizuri. "Huo," akasema polepole, "ndio uhaini tunaojaribu kukuepusha nao. Rudi nyumbani ukapumzike."

Kupumzika huko kulikuwa kwa lazima, na kulitangazwa redioni kwamba ni kwa manufaa ya afya yake. Ufunguo wa ofisi ukachukuliwa, darubini ikachukuliwa. Zawena, ambaye hata akiwa mzima hakuweza kutulia, sasa akawa anazunguka mji toka asubuhi. Alipita sokoni bila kununua, akapita stendi bila kusafiri, akapita mbele ya geti la chuo akitazama viatu vyake. Askari aliyepangiwa kumfuata aliomba uhamisho kwa sababu ya magoti.

*

Serikali haikuweza kubaki bila nadharia ya rangi. Wakaitafuta nyingine, na waliposoma kitabu cha Profesa Mgoli wakafurahi sana, maana ndani yake hakuna jike anayechagua chochote. Jike ni kahawia, amejificha, anaatamia. Waliposoma hapo walifunga kitabu.

Baada ya muda mfupi ikapitishwa Sheria ya Mavazi ya Usalama. Wanawake wote wavae kahawia, ili wasiliwe. Sheria haikusema na nani. Wanaume wenye vyeo wavae nyekundu kulingana na nguvu zao za ziada. Wafanyabiashara wa kanga walichemsha mali yao kwenye mapipa ya rangi ya magome, na methali zote zikafutika. Ikawa mwanamke akitaka kumsema jirani yake inabidi atumie mdomo, na ugomvi mitaani ukaongezeka kwa kiasi ambacho serikali ilikiita msisimko wa maendeleo.

Profesa Mgoli akateuliwa kuwa Mfafanuzi Mkuu wa Rangi za Taifa. Akapewa jengo, gari na joho lenye mkia. Zawena alivumilia wiki mbili tatu, kisha akaenda kumwona, naye akiwa amevaa gauni la rangi ya udongo.

Alimkuta mzee amesimama katikati ya ofisi kubwa, mkia wa joho umenasa kwenye bawaba ya mlango, anajaribu kujinasua bila kuita mtu.

"Mwalimu, umeona huko mitaani?" Zawena akauliza huku akimnasua.

"Nimeona."

"Na Mama nyumbani?"

"Amevaa kahawia kama sheria inavyotaka. Tangu aivae hajasema nami neno. Ananiwekea chakula mezani, ananionyesha kwa kidole." Profesa akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Zawena, mimi niliandika habari za mayai."

"Najua."

"Mayai na vicheche na nyoka. Sikuandika habari za kanga."

"Basi waambie."

"Nimejaribu. Kila nikisimama kusema, wananipigia makofi kwanza. Makofi yakiisha, muda nao umekwisha."

Zawena alizunguka ile ofisi mara kadhaa. Dirishani palionekana wanawake wakishuka sokoni, wote wa rangi moja, kama maji ya mto baada ya mvua.

"Nilitaka kukushinda, Mwalimu," akasema mwishowe. "Na wewe ulitaka kunishinda. Sasa tazama."

"Ushindi wa namna hii hauna chumvi," Profesa akasema. Hakumwangalia usoni. Alikuwa anakunja mkia wa joho mapajani, anaukunjua, anaukunja tena.

*

Huenda mambo yangebaki hapo, lakini mabalozi walianza kuuliza. Katika nchi zao watu walikuwa wamesikia juu ya mwanamke aliyefungiwa kazi kwa ajili ya mkia wa ndege, na walitaka kujua kama ni kweli. Serikali haikupenda kuonekana inaogopa ndege. Mwenyekiti Ngwandu akaitisha waandishi wa habari na kutangaza kwamba uchaguzi wa kwera utarudiwa bondeni Mfune, safari hii ukiwa huru na wa haki, yaani chini ya Tume.

Mgombea alipatikana haraka. Alikuwa dume wa kwera aliyelelewa kwenye bustani ya Ikulu, mnene, aliyezoea wali na hajui panzi. Ili apate utulivu wa kugombea, madume wengine wote wa bondeni walikamatwa na kufungiwa kwenye matenga. Kwa kuwa hawakuwa na haja ya mikia yao humo ndani, mikia ilikatwa, na Mlezi Mkuu mwenyewe akaagiza iunganishwe yote iwe mmoja, wa mgombea.

Hakuna aliyejua kubandika isipokuwa Zawena. Akaambiwa achague: aende bondeni na gundi, arudishiwe kazi, au abaki mjini akabiliwe na shtaka ambalo adhabu yake ilikuwa bado inajadiliwa. Alikwenda. Aliogopa, kama ambavyo mimi na wewe tungeogopa, na pia aliwatamani kwera. Alikuwa hajawaona msimu mzima.

Asubuhi ya siku yenyewe wakamwingiza kwenye hema. Juu ya meza palilazwa ule mkia. Ulianzia mwisho huu wa meza ukaishia ule, na ncha yake ilining'inia chini. Zawena akamshika mgombea mkononi, akasikia moyo wa ndege ukigonga vidole vyake kama mvua juu ya bati. Akamwangalia macho, akaangalia ule mkia.

"Mkia huu utamuua," akasema.

Mwenyekiti Ngwandu alikuwa anasahihisha hotuba. "Mkia ni heshima, Dakta. Heshima haijaua mtu."

"Mheshimiwa, mkia mrefu majike wanaupenda, ni kweli, nimeandika mwenyewe. Lakini kuna urefu ambao ndege hawezi kuubeba. Huyu hata bila mkia haruki vizuri. Amezoea wali."

Mwenyekiti akamgeukia Profesa Mgoli, ambaye aliletwa kama Mfafanuzi Mkuu na alikuwa amesimama pembeni akishika joho lisiburute tope. "Profesa, mweleze."

Profesa akasogea mezani. Akaunyanyua mkia kwa viganja viwili, akaupima uzito, akaulaza. "Dakta anasema kweli," akasema. "Kwa hili tunakubaliana."

"Ninyi si miaka yote mnapingana?"

"Miaka yote."

"Basi msikubaliane leo. Mabalozi wamefika."

Zawena alibandika. Alichukua muda, kwa sababu alitaka angalau gundi iwe nyepesi, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue alisimama mahali pamoja bila kusogeza mguu. Alipomaliza alimwinamia yule ndege akamwambia jambo. Profesa, aliyekuwa karibu, alisikia kuwa anamwomba radhi.

*

Jukwaa lilijengwa kwenye kilima kinachotazama bonde. Mabalozi walipewa darubini na karanga. Mlezi Mkuu alikaa katikati, na mkia wa joho lake ukashuka ngazi za jukwaa, ukapita mbele ya bendi na kuishia kwa wabunge waliokuwa wameupigia magoti. Kando yake alikaa mkewe, Mama Mlezi, amevaa hariri ya kahawia. Hakuwa na kawaida ya kusema hadharani. Wengi walikuwa hawaijui sauti yake.

Mlezi Mkuu alihutubia kwa kirefu. Alisema kwamba nchi nyingine zina ndege wanaochagua ovyo, leo huyu kesho yule, na ndiyo maana ndege wao ni wadogo. Alisema mkia ni kielelezo cha maono. Alisema yeye binafsi hakuutaka mkia wake, ila wananchi walimlazimisha, na yeye ni mtu wa kusikiliza. Kisha akapunga mkono, na mgombea akaachiliwa.

Mgombea alianza kwa kukimbia. Mkia ulimfuata kwenye nyasi, mrefu, mweusi, ukanasa hapa ukanasuka, mpaka upepo ulipouingia akanyanyuka. Alipanda taratibu, mabawa yakipiga haraka sana, mkia ukiwa bado unatoka nyasini baada yake. Watu wakapiga makofi. Na lazima tuseme haki: chini, majike walitoa vichwa. Vichwa vidogo vya kahawia vikachomoza kimoja kimoja kutoka kwenye majani, na jike mmoja alitoka kabisa, akasogea mbele, akainamisha shingo upande akitazama.

Nyuma ya kamba ya polisi Zawena alikuwa anatembea huku na huko, huku na huko. Alimwona yule jike akisogea. Kisha akatazama majabali yaliyo ng'ambo ya bonde.

Kipanga alikuja kutoka huko, chini chini, bila haraka. Mgombea alimwona, akajaribu kukata kona, na mwili ukakata kona lakini mkia ukaendelea mbele. Kipanga akamchukua kama mtu anayeanua nguo kambani. Gundi, iliyokuwa nyepesi, ikaachia, na ule mkia ukaporomoka wenyewe ukalala juu ya nyasi.

Zawena alipotazama tena chini, majike hawakuwepo. Walikuwepo, bila shaka, wote, pale pale. Lakini palionekana majani makavu tu.

Akamtafuta Profesa kwa macho, naye Profesa alikuwa anamtafuta yeye. Katika muda wa kumeza mate wote wawili walikuwa wameshinda ubishi wa miaka, na hakuna aliyefurahi.

Bendi, kwa kukosa maagizo, ikapiga wimbo wa taifa. Mwenyekiti Ngwandu akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba mgombea amepita bila kupingwa, na kwamba amepaa kwa mashauriano zaidi. Kisha akamkaribisha Mfafanuzi Mkuu atoe maelezo ya kitaalamu, akamnong'oneza sikioni kwamba yule kipanga ametumwa na nchi jirani.

Profesa Mgoli akapanda. Makofi yakaanza. Mzee akasimama akangoja, akangoja mpaka mikono ikawauma, na yalipokoma alikuwa bado amesimama.

"Kipanga yule ni wa hapa hapa," akasema. "Kiota chake kiko kwenye majabali yale. Amemla mgombea kwa sababu mgombea alikuwa mnene, anang'aa, na mzigo wake unamzidi. Majike wamepona kwa sababu wamefanana na nyasi. Niliandika hivyo tu, tena kwa ndege, na anayewavisha wanawake wa watu kwa kitabu changu hajakisoma. Na jambo la pili. Mwanafunzi wangu Zawena alisema jike huchagua, nikambishia miaka mingi. Leo kabla ya kipanga nimeona jike akisogea kutazama. Nilikosea. Mkia hurefushwa na macho ya jike na hufupishwa na kucha za kipanga. Kati ya hao wawili nimetafuta mahali pa Tume, sijapaona."

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa tangu neno kitabu, lakini bonde lile hubeba sauti vizuri. Wakamshusha kwa adabu na kumwingiza kwenye gari. Joho lilibanwa na mlango, dereva akaondoka hivyo hivyo, na kitambaa kikachanika kikabaki barabarani.

*

Kesho yake gari la Ikulu lilisimama mlangoni kwa Zawena. Alifungasha mswaki na fulana ya baridi, akiamini anakwenda kumfuata mwalimu wake. Lakini walimpitisha mlango wa nyuma, wakamwacha kwenye ua mdogo wenye mipapai, na aliyetoka kumpokea alikuwa Mama Mlezi, na birika la chai mkononi.

"Kaa, Dakta."

"Shikamoo, Mama. Ukiniruhusu nitasimama."

"Marahaba. Basi tutembee." Akaweka birika chini, na wakaanza kuzunguka ule ua bega kwa bega. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu wa milimani. Kabla ya kuwa Mama Mlezi aliitwa Asteria na alikuwa mkunga.

"Yule aliyesogea," akasema, "alikuwa amekubali?"

"Hapana, Mama. Alikuwa anaangalia. Kuangalia si kukubali."

"Na wanachopenda ni mkia wenyewe?"

"Wako wanaosema mkia ni ushahidi. Anayeweza kubeba mzigo ule msimu mzima, akajilisha na akamkwepa kipanga, huyo ana nguvu kweli. Jike anasoma nguvu kwenye mkia."

Mama Mlezi alitembea hatua kadhaa. "Na kama mkia anabebewa?"

Nje ya ukuta Zawena alisikia walinzi wakibadilishana zamu. "Hapo, Mama," akasema, "mkia hausemi kitu."

"Nilimpata ana shati moja," Mama Mlezi akasema, kama anayeongea na mipapai. "Nalifua mimi, usiku lakauka, asubuhi analivaa. Alikuwa anacheka sana." Wakazunguka tena. "Na jike akimkataa huyo, na hakuna mwingine bondeni?"

"Anahama. Anakwenda bonde jingine."

"Hawamfukuzii?"

"Watamfukuziaje, Mama? Na ile mikia?"

Mama Mlezi akacheka, kicheko kifupi, akajifunika mdomo kwa mtandio wa kahawia. Kisha akamwambia kwamba mwalimu wake ataachiwa, maana wanasheria wamehangaika na hawajapata kosa linaloitwa kuona. Akammiminia chai. Waliinywa wakiwa wamesimama.

Profesa aliachiwa kweli, bila joho na bila gari, akarudi nyumbani kwa miguu, na mkewe akamsalimia kwa maneno. Mama Mlezi akaenda nchi jirani kutibiwa macho. Redio ilisema matibabu yanaendelea vizuri. Ikasema hivyo mwezi uliofuata, na uliofuata huo, mpaka watu wakaelewa kwamba macho yake yamepona.

Hapakuwa na maandamano. Nchi ile ilikuwa na amani. Ila wanawake walianza kuwa na safari. Huyu ana mgonjwa ng'ambo ya mpaka, yule ana harusi ya binamu, mwingine yupo nyumbani lakini hakulisikia tangazo. Siku ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu ilipofika, ule upande wa uwanja ambao wanawake husimama kupiga vigelegele ulikuwa na viti vitupu, na vigelegele vikapigwa kwa kanda.

Zawena na Profesa waliisikiliza sherehe barazani. Mtangazaji alieleza kwamba mkia wa joho umeongezwa tena, na kwamba Mlezi Mkuu anauzungusha uwanjani, wabunge wakikimbia nyuma. Alimaliza mzunguko wa kwanza. Akaanza wa pili, ambao haukuwa kwenye ratiba. Akaanza wa tatu. Sauti ya mtangazaji ilianza kukosa maneno.

Profesa akapunguza redio. "Dume asiyetazamwa na mtu hufanya nini?"

"Huongeza," Zawena akasema. Alikuwa anatembea toka nguzo hadi nguzo. "Nilimwona mmoja, majike wamemhama wote. Aliruka siku nzima juu ya nyasi tupu, juu, chini, juu, chini. Nilitamani kumwambia apumzike."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mvua zikatike. Zikikatika mkia hunyonyoka wenyewe, unyoya mmoja mmoja, na ule weusi nao unaondoka. Ukimkuta kiangazi humjui. Ni kahawia kama majike."

Profesa alikwenda ukingoni mwa baraza, akakinga kiganja juu ya macho na kuangalia mawingu yaliyokuwa yanajikusanya nyuma ya mji. Zawena akaja akasimama kando yake.

"Mwaka huu mvua ni nyingi," mzee akasema.

"Ni nyingi, Mwalimu."

Redioni, kwa sauti ndogo, mtangazaji aliwaarifu wananchi kwamba Mlezi Mkuu ameanza mzunguko mwingine.